Mnalinda Msikiti, Mnaufungia Boriti

Marufuku ya kukata miti iliyotangazwa nchini Kenya Februari 2018 ilisukumwa na hofu ya vyanzo vya maji bara, ila ilipofika pwani ikafunga na mikoko ya Lamu, jirani wa Garissa kupitia Ijara. Siku zake 90 za kwanza zikaongezwa, zikaongezwa tena. Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa. Uamuzi ule wa kufunga mikoko ulikuwa wa kizembe, na hatari yake bado ipo: anayefunga msitu kwa tangazo anaweza kuufunga tena kesho bila kuuliza ni nani anayeutegemea.

Watetezi wa marufuku husema mikoko ni mazalia ya samaki na ngao ya ufuo. Ni kweli, na hakuna Mbajuni, mwenyeji wa visiwa vya Lamu, asiyelijua hilo. Lakini msikiti wa kale wa visiwani una dari ya boriti za mikoko zilizopangwa zikikaribiana, juu yake kokoto za matumbawe na chokaa. Upana wa ukumbi hufuata urefu wa boriti, kama mita tatu hivi, ndiyo maana nafasi ya sala imejaa nguzo. Boriti huoza, huliwa na mchwa, hubadilishwa. Jengo limeundwa likijua hivyo. Mimbari ya mbao ya Msikiti wa Ijumaa wa Siyu, kisiwani Pate, ina tarehe ya mwaka 930 Hijria, yaani 1523 au 1524. Mimbari ile haikujilinda yenyewe karne tano. Imelindwa na paa, na paa halidumu bila mti mpya. Fundi akinyimwa boriti humwaga zege. Chumvi hula nondo zake, na ukuta wa matumbawe unabebeshwa mzigo ambao haukujengewa.

Basi ni urithi gani tunaoulinda? Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ipo tangu 2006. Mwaka uleule wa marufuku, Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu, sehemu ya mpango wa miundombinu wa LAPSSET, ulipuuza utamaduni wa Lamu. Barabara ya mpango huohuo ndiyo inayokuja Garissa, na lori la saruji litakalopita humo halitaombwa kibali cha msitu. Makumbusho ya Taifa na Shirika la Misitu wakubaliane sasa, kwa maandishi, kiasi cha boriti kitakachotengwa kila mwaka kwa misikiti na nyumba za kale, na tangazo lolote lijalo lisikiguse.