Mtihani wa Kihispania na Lugha ya Kambini

Katika shule za sekondari za Marekani upo mtihani wa Kihispania wa kiwango cha juu, uitwao AP, ambao hutolewa kila Mei na shirika la College Board. Alama zake ni 1 hadi 5, na vyuo vikuu vingi humhesabia aliyepata 3 au zaidi kuwa amekwisha kumaliza sehemu ya masomo ya chuo. Askari wa Uganda atauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza Kiswahili gwarideni na kwenye malindo, wala si darasani, na mtihani ule huwakabili maelfu ya vijana waliopata lugha kwa njia kama hiyo.

Muundo ulioanza 2014 uliweka sehemu ya mazungumzo. Mwanafunzi husikia sauti ikimsemesha, kisha hupewa sekunde 20 za kujibu. Hivyo mara tano. Ambaye amekesha akikariri majedwali ya vitenzi hugundua hapo kwamba sekunde 20 ni chache mno za kuanza kutafuta jedwali. Polisi aliyepata kushika simu ya upepo analijua jambo hili barabara: huwezi kumwambia aliye upande wa pili angoje upange sarufi. Maandalizi yake, kwa maoni yangu, ni kusikiliza redio ya Kihispania kila siku, kujibu kwa sauti, kujirekodi na kujisikiliza bila kujionea huruma.

Lakini wapo wasio na shida ya mdomo. Marekani ina watu zaidi ya milioni 40 wanaosema Kihispania nyumbani, na watoto wao huingia katika mtihani huo wakidhani ushindi umo mfukoni. Sehemu nyingine yawataka wajibu barua pepe rasmi kwa dakika 15: kusalimu kwa adabu, kujibu kila swali walilopewa, na kuuliza jambo zaidi. Mkubwa huitwa usted, rafiki huitwa tú, na kitenzi hubadilika pamoja na heshima hiyo. Mtoto aliyezoea tú ya nyumbani huanza barua kwa usted, akifika katikati akateleza. Sisi hatuna usted. Tuna mzee, ndugu na afande. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu waongoza doria nzima kwa Kiswahili bila kusitasita, lakini wakiambiwa waandike barua ya kuomba likizo kwa lugha hiyo hiyo, kalamu hukauka?

Kuna na alama ndogo ya mkazo. Hablo ni "nasema". Habló ni "alisema". Anayesikia hakosei, bali anayeandika hukosea, na kila aliyepata kuandika maelezo ya shahidi anafahamu kwamba tofauti ya "nasema" na "alisema" yaweza kuharibu kesi.

Wako walimu wanaomkemea mtoto wa namna hii kana kwamba Kihispania cha mama yake ni uchafu wa kuoshwa. Naona hilo ni kosa kubwa, sawa na kosa la wale wanaocheka Kiswahili cha kambini. Lugha ya nyumbani ndiyo iliyompa sikio na ujasiri; kilichobaki ni kumfundisha kuandika na kumtambua msomaji wake. Ila anayemwambia kwamba hana haja ya kujiandaa anamdanganya pia.

Mwisho wa mtihani katika muundo huo, mwanafunzi hupewa dakika nne za kujipanga na dakika mbili za kulinganisha jamii yake na jamii moja inayosema Kihispania. Wengi hutaja Amerika ya Kusini kwa jumla, maneno yakawa mepesi. Ni ajabu kwamba wachache hukumbuka Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyotawaliwa na Hispania hadi 1968, ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi hadi leo. Huko mtoto husema Kifang au Kibubi kwao, kisha akaingia darasani kusoma kwa Kihispania. Kijana wa Los Angeles anayetoka katika Kihispania cha mama yake kwenda katika Kiingereza cha shule angeanzia hapo, na dakika mbili zisingemtosha.