Askari wa bure ana bei yake

Mwaka huu, nikiwa nimevuka miaka arobaini, nimeanza kujifunza sataranji barazani kwa jirani yangu hapa Mutanga Nord. Somo la kwanza lilinishangaza: kumtoa askari aliwe.

Mchezo huo huitwa Gambiti ya Malkia. Mweupe husogeza askari wa mbele ya malkia hatua mbili, mweusi hujibu vivyo hivyo, kisha mweupe huweka askari wa pili pale anapoweza kuliwa. Nilimla haraka, nikang'ang'ania kumlinda. Punde malkia wa jirani akaielekea ngome yangu, nikapoteza farasi kuiokoa. Kumbe hakunipa zawadi. Alikuwa ananunua nafasi katikati ya ubao.

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunalijua jambo hili. Nilisoma Katumba kwa Kiswahili. Niliporudi mwaka 2009 nilianza Kifaransa upya, dawati moja na vijana niliowazidi miaka kumi. Aibu ile ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Leo naona watoto wa waliorudi wakiacha shule kwa kukataa kushushwa darasa. Wanamlinda askari, wanapoteza ngome.

Lakini wazazi, tuhesabu pia. Kumshusha mtoto darasa bila kumfundisha lugha ni hasara tupu. Mfanyabiashara wa Kobero hupunguza bei ili ampate mteja wa kesho, ila huandika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Shule ikikuomba mwaka mmoja wa mwanao, uliza itamlipa nini. Ikikujibu vizuri, utoe.