Ndege Asiyeweza Kukimbia



Hapa Nakivale ukisema "ndege", wengi wetu tunafikiria ile ya IOM. Leo tuongelee yule mwenye manyoya.

Tumezoea kusema: "Ningekuwa ndege, ningeruka niondoke." Lakini kuna mmoja mdogo, rangi ya kijivu, wataalamu wanamwita Fraseria lendu, zamani Muscicapa lendu. Jina limetoka nyanda za juu za Lendu, kule kwetu Ituri. Anaishi kwenye misitu ya mvua: Ituri, Itombwe ya Kivu Kusini, Bwindi hapa Uganda, hadi Kakamega, Kenya. Anakaa kwenye tawi, anaona mdudu, anaruka na kumdaka. Mabawa anayo. Lakini msitu wake ukikatwa, hawezi kuishi kwenye mashamba na miji. Sisi tulikimbia, tukapokelewa, tukapewa kipande cha shamba. Yeye aende wapi?

Tunaandika haya kwa sababu tunasikia vijana wakisema: "Kupanda miti ni kazi ya wenyeji, sisi tunangoja kesi zetu." Hatukubali. Si sisi tunaopika kwa kuni na makaa kila siku? Miti ikiisha karibu, mama na dada zetu ndio wanatembea mbali, na ugomvi na wenyeji unaanzia hapo.

Juzi tulienda Mbarara kununua miche. Karibu yote ilikuwa mikaratusi. Inakua haraka, inatoa kuni, hatukatai. Lakini wadudu wengi wa huku wanapenda miti ya huku, na ndege anafuata chakula. Kwa hiyo tuchanganye: mikaratusi ya kuni, na mikuyu na migunga ya kubaki. Hatudanganyi mtu: Nakivale si Bwindi, yule ndege hatakuja. Watakuja wengine, na kivuli kitakuwepo.

Anayetaka kusoma zaidi, ajue Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina taasisi ya utafiti wa misitu kule Ruhija, Bwindi.

Na ninyi wenzetu wa mashirika, msihesabu tu miche mliyogawa. Rudini wakati wa kiangazi, muhesabu iliyo hai. Na kabla ya kuleta, mtuulize tunataka miti gani.

Kesi yako ikiitwa, nenda salama. Ila mwachie jirani mti.