Gari Lina Jina, Fundi Hana

Mwaka mmoja kabla Guka hajafariki, nilimpeleka kwenye onyesho la magari ya kale hapa Nairobi. Alikuwa amesikia kwamba ingeletwa Peugeot 404 iliyokimbia Safari Rally ya 1968, na kwa wiki nzima hakuongea kitu kingine. Alivaa koti lake la kanisani. Tulipofika tukakuta gari limezungushiwa kamba, jeupe, boneti iko wazi, injini inang'aa mpaka unaweza kujiona uso. Kando yake kulikuwa na bango: mwaka wa kuundwa, ukubwa wa injini, jina la dereva, jina la msaidizi wake, jina la mwenye gari wa sasa.

Guka alisoma nambari ya usajili mara mbili, kisha akainama kuangalia ndani ya boneti. Askari wa pale akasema, "Mzee, usiguse." Hakuwa amegusa. Alikaa ameinama hivyo kama dakika moja, mimi nimemshika mkono, halafu akasema polepole, "Wamekata."

Alikuwa anatafuta vipande vya chuma. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 21 kwenye gereji moja ya Grogan, yeye na wenzake walichomelea mabamba ya ziada pale springi za mbele zinaposhikana na bodi. Walifanya hivyo kwa sababu walijua kiwanda kule Ufaransa hakikuwa kimefikiria mashimo ya huku. Zile chuma hazikuwepo tena. Nilimuuliza mwenye gari, na alinijibu kwa upole kabisa. "Kijana, gari lilitakiwa kurudi orijino. Vile viraka vilikuwa vya jua kali tu."

Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike. Nimekaa nayo muda mrefu na bado inaniuma.

Wacha nianze na haki yao, maana wako nayo. Bila watu kama huyo mzee wa 404, hatungekuwa na kitu cha kubishania. Magari ya mashindano hayakuundwa ili yaishi. Yaliundwa yamalize siku chache za Pasaka, na baada ya hapo kama yakivunjika, basi. Mengi yaling'olewa injini na gia zikauzwa, bodi zikaishia kwa watu wa vyuma chakavu. Mwenye kulihifadhi moja analipa garama ambazo hazirudi: mpira wa mlango unatafutwa miaka miwili, kabureta inaagizwa ng'ambo, fundi anayejua mtambo huo amebaki mmoja na macho yake yameanza kuchoka. Hiyo ni kazi, na nawavulia kofia.

Shida yangu ni hili neno "orijino". Orijino ya nani?

404 iliyotoka kiwandani ni gari la familia. Walilitengeneza maelfu kwa maelfu, na ukitaka moja safi utaipata Ufaransa kwa urahisi kuliko hapa. Kilicholifanya gari lile kuwa gari la Safari ni yale lililofanyiwa baada ya kushuka melini: mabamba, springi zilizoongezwa nguvu, chuma cha kukinga injini kwa chini, matundu yaliyotobolewa kwa mkono. Ukiyatoa hayo yote ili kulirudisha kwa kitabu cha kiwanda, umelifuta. Umebaki na gari zuri la familia lenye hadithi ya kuazima.

Na hadithi yenyewe ni kubwa. Mwaka 1968 mvua ilinyesha vibaya sana. Magari 93 yalianza, yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, kwa Peugeot 404, yule yule aliyeshinda 1963, mwaka mwingine ambao magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Kati ya ushindi wake huo miwili, 404 ilishinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Gari la kina Guka lilikuwa miongoni mwa yale 86 ambayo hayakufika. Alikuwa akilisimulia bila aibu. "Matope yalilikamata," angesema, "lakini chuma yangu haikuachia." Hiyo ndiyo ilikuwa medali yake, na mtu ameikata kwa grainda akidhani anasafisha.

Sasa nigeuke kwenu, wasee wa rika langu, kwa sababu na nyinyi mna kesi.

Nikiongelea haya magari, jibu ninalopata ni lile lile: hizo ni ndai za wazungu na mababi, tuachie hao. Naelewa. Safari ya kwanza ilifanyika 1953 kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, miezi michache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa hapa Oktoba 1952. Wakati wengine wanakimbiza magari kwa furaha, watu wa kwetu walikuwa wanasakwa na kufungwa. Sitaki mtu anipakie hilo rangi.

Lakini ukisema mashindano yale hayakuwa yetu kabisa, unamaliza ile kazi ambayo bango lilianza. Unakubali kwamba waliokuwa pale ni wale tu walioandikwa. Angalia 1965. Joginder Singh na kaka yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelikimbiza na kuliacha. Hao ndugu waliliunda upya wenyewe. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajawa dereva maarufu, na alikuja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Dunia ilimwona akishika usukani. Sisi tunafaa kukumbuka kwamba alianza kwa kushika spana. Na kama fundi huyo aliweza kukumbukwa kwa sababu aliendesha, je, wale waliobaki chini ya gari, mafuta yakiwadondokea machoni?

Hebu fikiria pia haya. Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann alishinda nayo Safari ya 1971 iko Zama, Japani, kwenye mkusanyiko wa Nissan, imetunzwa na kufufuliwa. Kampuni ilijua thamani ya kitu hicho. Sisi tulitoa barabara, vumbi, matope, watu wa kusukuma likikwama na mafundi wa kulifungua usiku. Ukitaka kuliona, lipa nauli ya ndege. Silaumu Wajapani, gari ni lao. Nauliza tu: sehemu yetu ya hadithi hiyo tumeiweka wapi? Ile haikuwa ya kuingia melini.

Tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya kale, na barabara zetu zinasikia tena injini za zamani. Porsche 911 zinaletwa kwa meli kutoka Ulaya na timu zake za mafundi, na nyingi ni magari yaliyoundwa upya kwa ajili ya kazi hiyo, hayakuwahi kuona Safari ya enzi zile. Nayapenda, nitasimama barabarani nikule vumbi kama kawaida. Ila kuna jambo moja hunichekesha kwa uchungu. Shirikisho la magari duniani, FIA, hutoa pasipoti kwa magari ya kale ya mashindano. Kweli kabisa, pasipoti, kurasa kwa kurasa: injini gani, breki gani, gia gani, picha za kila upande. Gari lina pasipoti. Guka alijenga gari lisimamie mawe ya nusu ya Afrika Mashariki, na hana hata picha moja amesimama kando yake.

Kwa hivyo nadai nini? Si mengi, na hakuna hata moja linalohitaji serikali.

Kwanza, mwenye gari aache grainda kabla hajauliza. Kiraka ukikikuta, kipige picha, kipime, utafute aliyekiweka. Kama ni lazima kitoke kwa sababu kutu imekila, kihifadhi kwenye sanduku na uandike kilitoka wapi. Gari huwa orijino mara moja tu, na kwa gari la mashindano mara hiyo ni siku lilipokimbia, na makovu yake yote.

Pili, weka jina la fundi kwenye bango. Dereva, msaidizi, fundi. Mistari mitatu badala ya miwili. Kama hulijui, mafundi wa zamani bado wapo, wanakaa Kariobangi, wanakaa Kiambu, wanakaa kwa watoto wao. Wanapatikana kwa simu moja. Lakini hawatapatikana milele, na wewe uliyengoja mpira wa mlango miaka miwili unaweza kungoja mzee mmoja akumbuke.

Tatu, fungua geti. Jumamosi moja kwa mwezi, waite wanafunzi wa polytechnic waje waone kabureta ikifunguliwa, waisikie injini ikiwaka. Gari la mbio linalokaa chini ya turubai mwaka mzima, likitoka siku moja kupigwa picha, linakauka gasketi na linakauka maana.

Na wewe msee uliye mtaani, kama una guka, babu, kuka au mjomba aliyewahi kufanya kazi gereji, washa simu umrekodi leo. Muulize alishika gari gani, alifanya nini, nani alimlipa na ngapi. Usingoje uvae nyeusi ndio uanze kuuliza maswali, kama mimi.

Jina la Guka silitaji hapa, na nimefanya hivyo makusudi. Mwaka jana baada ya mazishi nililiandika kwenye karatasi pamoja na mwaka, jina la mtaa wa gereji, na mchoro wa mahali zile chuma zilipokuwa, nikampelekea mwenye 404. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ataangalia. Mahali pa jina hilo ni kwenye lile bango, mstari wa tatu, chini ya msaidizi wa dereva. Onyesho linakuja tena. Nitaenda, nitasimama nyuma ya kamba, na nitasoma.