Bembea ipo, chakula cha mtoto je?

Jumapili mchana hoteli za ufukweni Dar es Salaam hujaa familia. Mzazi huchagua penye bembea ili naye ale samaki wake kwa utulivu. Sina ugomvi na hilo. Mzazi asiyepumzika namwona kliniki baadaye. Ugomvi wangu ni ule ukurasa wa watoto kwenye menyu: chipsi soseji, chipsi kuku, soda. Wakubwa wanaletewa samaki, wali na mchicha, kana kwamba mboga haiwahusu wadogo.

Soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto wa miaka minne, chupa hiyo moja inakaribia kumaliza mgao wake wote, na bado hajanywa chai ya jioni.

Omba sahani ya ziada, mgawie chakula chako, toa miiba, agiza maji. Nanyi wenye hoteli, nusu sahani ya wali maharage inakosaje bei yake?

Akipata soseji naye hajatimiza miaka mitano, ikate kwa urefu iwe vipande vyembamba. Kipande cha duara huziba koo kama kizibo. Na amalize kutafuna akiwa ameketi, ndipo arudi kwenye bembea.