Mtoto akienda kwa nyanya, neti nayo iende

Shule zinapofungwa, vituo vya mabasi jijini Nairobi hufurika watoto wanaoelekea Busia, Siaya, Homa Bay na Kakamega kuwaona babu na nyanya. Mama huhakikisha mkoba una sweta, viatu vya kanisani, mkate na majani ya chai ya nyanya. Neti husahaulika. Leo tuizungumzie neti hiyo.

Wakazi wengi wa Nairobi humjua mbu kama msumbufu tu. Huuma usiku, ngozi huvimba na kuwasha, na baada ya siku mbili yamekwisha. Hawajakosea sana. Mbu wengi wa mitaa yetu ni wa aina ya kuleksi, wanaozaliana katika maji machafu ya mitaro na vyoo vya shimo. Hao hawaenezi malaria. Tena jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huvizuia vimelea vya malaria kukomaa haraka ndani ya mbu.

Karibu na Ziwa Victoria mambo ni mengine. Huko kuna joto, mvua, na mbu aitwaye anofelesi. Huyu hupenda vidimbwi vya maji ya mvua vinavyopigwa na jua, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Ndiye mbu ambaye daktari Mwingereza, Ronald Ross, alimpasua huko India mwaka wa 1897, akakuta vimelea vya malaria tumboni mwake.

Je, wajua kwamba mbu dume haumi mtu? Hujilisha utamu wa maua. Ni jike anayehitaji damu ili mayai yake yakomae. Hututafuta gizani kwa kufuata pumzi tunayoitoa, joto la mwili na harufu ya jasho. Kwa hivyo kuzima taa hakutamzuia kukupata. Mwasho nao huletwa na mate anayoyatia mwilini akifyonza. Usijikune ukapata kidonda. Osha kwa maji na sabuni, kisha ukande kwa kitambaa chenye maji baridi.

Sasa jiulize, mzazi, mtoto wako atalala wapi huko? Neti za nyumba ile zimefungwa juu ya vitanda, na vitanda vina wenyewe. Wageni wadogo hutandikiwa mkeka sebuleni, wakalala watano au sita pamoja na binamu zao. Hapo mara nyingi hapana neti. Na kati ya watoto hao wote, ni wako aliye hatarini zaidi. Binamu zake waliotangulia kukua wameugua malaria mara kadhaa, na miili yao imejifunza kupambana nayo kiasi fulani. Mtoto wa Nairobi hana kinga hiyo.

Basi tia neti iliyowekwa dawa mkobani, pamoja na kamba na misumari minne. Mwombe nyanya au ami yao aitundike pale sebuleni, na kingo zake ziingizwe chini ya mkeka. Ikiwa na tundu, ishone kabla ya safari. Mbu huyu huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hivyo watoto wakikaa uani kusikiliza hadithi wavae suruali ndefu na nguo za mikono mirefu, na wapakwe mafuta ya kufukuza mbu. Muulize daktari pia, kabla ya safari, kuhusu dawa za kuzuia malaria.

Jambo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Dalili za malaria hii kali kwa kawaida huonekana kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa. Mtoto anaweza kurudi mzima, shule zikafunguliwa, kisha homa ikampata akiwa darasani. Wewe utadhani ni mafua ya baridi, umpe dawa ya kutuliza maumivu na kumfunika blanketi. Usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari waziwazi kwamba mtoto alikuwa Siaya au Busia, na kwamba unataka damu yake ipimwe malaria. Daktari asipoambiwa huenda asifikirie malaria, na ugonjwa huu waweza kumuua mtoto kwa siku chache tu.

Sweta iliyosahaulika Nairobi mtoto ataazima kwa binamu yake. Neti hatapata wa kumwazima.