Pacha wa Mtandao na Akili Unde: Kujaribu Kabla ya Kutenda

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Ijumaa, Julai 8, 2022, wataalamu wa kampuni ya mawasiliano ya Rogers nchini Kanada walikuwa katika hatua ya sita kati ya hatua saba za kuboresha kiini cha mtandao wao. Katika kazi hiyo waliondoa kichujio kimoja kwenye usanidi wa ruta, yaani mitambo inayopanga njia za kupitishia data. Kichujio hicho ndicho kilichozuia wingi wa taarifa za njia usizifikie ruta za kiini. Kilipoondolewa, ruta hizo zilielemewa na kuzima ndani ya dakika chache. Huduma za simu na intaneti kwa wateja zaidi ya milioni 12 zilikatika, na ilichukua takriban saa 26 kuzirejesha.

Athari zake hazikuishia kwa wateja wa kampuni hiyo. Interac, mfumo unaowezesha malipo ya kadi za benki nchini humo, nao ulisimama kwa kuwa ulitegemea mtandao huo huo. Wananchi wengi walishindwa kulipia mahitaji yao madukani, na wengine walishindwa kupiga 911, namba ya dharura inayotumiwa kuita polisi, zimamoto na gari la wagonjwa.

Tukio hilo linabeba funzo kwa kila taasisi, ya umma au ya binafsi, inayotoa huduma kwa njia ya mtandao. Huduma haikukatwa na mhalifu, dhoruba wala mkongo uliokatika baharini. Ilikatwa na badiliko halali, lililofanywa na wataalamu wenye mamlaka ya kulifanya, ambao hawakuona matokeo yake kabla ya kulitekeleza. Kasoro ya namna hiyo ndiyo inayokusudiwa kuzibwa na teknolojia mbili zinazozungumzwa sana hivi sasa katika usimamizi wa mitandao ya kompyuta: pacha wa kidijitali na akili unde zalishi.

Pacha wa kidijitali ni nini?

Pacha wa kidijitali ni nakala ya kitu halisi inayotunzwa ndani ya kompyuta na kuhuishwa kwa taarifa zinazotoka kwenye kitu chenyewe, ili mtu aweze kuijaribu nakala bila kukigusa kilicho halisi. Chimbuko la fikra hii ni la zamani. Mwezi Aprili 1970, chombo cha anga cha Marekani, Apollo 13, kilipopata hitilafu kikiwa safarini kwenda mwezini, wataalamu walioko duniani walitumia mitambo ya mafunzo iliyofanana na chombo hicho kujaribu taratibu za kuwaokoa wanaanga, kisha wakawasomea maelekezo kwa redio.

Kwa mtandao wa kompyuta, pacha hujengwa kwa kukusanya usanidi wa kila ruta, swichi na kizuizi cha usalama, pamoja na taarifa za namna vifaa hivyo vilivyounganishwa. Zipo njia mbili kuu za kumjenga. Ya kwanza ni kukokotoa: programu husoma mafaili ya usanidi na kupiga hesabu ya njia ambazo data ingepita. Batfish, programu huria iliyoanzia kwa watafiti wa Marekani katika muongo uliopita, hufanya kazi kwa njia hiyo. Ya pili ni kuiga: programu halisi za ruta huendeshwa ndani ya kompyuta pepe, kana kwamba mtandao mzima umehamishiwa humo. Mwaka 2017, watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza mfumo wao wa aina hiyo, CrystalNet, uliojengwa kwa ajili ya kujaribu mabadiliko ya mtandao kabla hayajafika kwenye vituo vyao vya data. Kwa upande wa viwango, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) lilitoa mwaka 2022 mapendekezo namba Y.3090 yanayoainisha mahitaji na muundo wa pacha wa mtandao.

Faida yake inaeleweka kwa urahisi. Mtaalamu anayetaka kuondoa kichujio humwondolea pacha kwanza. Kisha huuliza: je, ofisi zote bado zinawasiliana? Je, seva ya malipo bado inafikika? Je, ipo njia iliyofunguka ambayo haikupaswa kufunguka? Jibu baya likitokea, limetokea kwenye nakala, na mwananchi aliyeko dirishani akisubiri huduma hana habari nalo.

Nafasi ya akili unde zalishi

Akili unde zalishi, aina iliyofahamika kwa umma baada ya ChatGPT kuzinduliwa mwezi Novemba 2022, huongeza jambo jingine. Mtandao mkubwa huzalisha kumbukumbu za matukio kwa maelfu, na vifaa vyake hutoka kwa watengenezaji tofauti wenye lugha tofauti za amri. Akili unde inaweza kufupisha kumbukumbu hizo, kupendekeza chanzo cha hitilafu, na kugeuza agizo lililoandikwa kwa lugha ya kawaida, kwa mfano “idara ya fedha isifikike kutoka kwenye mtandao wa wageni”, kuwa rasimu ya usanidi.

Hata hivyo, mifumo hii ina udhaifu unaojulikana. Huandika kwa ufasaha ule ule inapokuwa sahihi na inapokosea. Inaweza kutoa amri isiyokuwepo katika kifaa husika, au amri iliyopo lakini yenye matokeo yasiyokusudiwa. Katika barua, kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kalamu. Katika ruta ya kiini, kosa hilo hilo laweza kuzima huduma za nchi nzima.

Ndiyo maana teknolojia hizi mbili zinafaa kutazamwa kwa pamoja. Akili unde ina kasi ya kupendekeza, lakini haina namna ya kuhakikisha kwamba ilichopendekeza ni kweli. Pacha hapendekezi jambo, ila anaweza kukokotoa matokeo ya kila pendekezo. Mpangilio salama, kwa hiyo, una ngazi tatu: akili unde ipendekeze, pacha apime, na mtumishi mwenye dhamana aamue. Ngazi moja ikirukwa, taasisi hubaki na kasi ya kufanya makosa tu.

Mashine kumwidhinishia binadamu

Tukio la Kanada lina kipengele kinachostahili kuzingatiwa zaidi kuliko kichujio chenyewe. Tathmini huru iliyofanywa kwa ajili ya CRTC, chombo kinachosimamia utangazaji na mawasiliano nchini humo, na muhtasari wake kutolewa mwaka 2024, ilibaini kwamba mwanzoni kazi nzima ya maboresho ilipangwa katika daraja la juu la hatari. Hatua za awali zilipokamilika salama, mfumo wa kompyuta unaokokotoa hatari uliishusha hatua ya sita hadi daraja la chini. Kwa daraja hilo, badiliko lilipita bila uchunguzi na idhini za ziada ambazo kazi yenye hatari kubwa ingezidai.

Jambo kama hilo lilitokea pia kwa kampuni ya Facebook, Oktoba 4, 2021. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata miunganisho ya uti wa mgongo wa mtandao wake, na huduma zake, ikiwemo WhatsApp, zikapotea duniani kwa takriban saa sita. Kampuni ilieleza kwamba kilikuwepo chombo cha kukagua amri za aina hiyo, lakini chombo hicho kilikuwa na hitilafu na hakikuizuia.

Katika matukio yote mawili, mashine ya ukaguzi ilikuwepo. Haikuwepo njia nyingine ya kuthibitisha kauli ya mashine hiyo. Taasisi inayopanga kukabidhi sehemu ya usimamizi wa mtandao wake kwa akili unde inapaswa kulisoma funzo hili kwa makini, kwa sababu mafanikio ya majaribio matano yaliyopita hayapunguzi hatari ya jaribio la sita.

Suala la uwajibikaji nalo limeanza kuamuliwa na vyombo vya kisheria. Mwezi Februari 2024, baraza la kutatua migogoro la jimbo la British Columbia, nchini Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo potofu na mfumo wa mazungumzo katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Baraza lilikataa hoja kwamba mfumo huo ungeweza kuwajibika wenyewe, na kulitaka shirika limlipe abiria. Msingi wa uamuzi huo unavuka mipaka ya usafiri wa anga: taasisi haiwezi kumsukumia programu yake lawama ya huduma inayotoa.

Mali bila daftari

Pamoja na faida zake, pacha hana uwezo wa kujua asichoambiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandao ni mali. Swichi iliyofungwa kwa dharura bila kuandikwa, muunganisho uliohamishwa bila kumbukumbu, au usanidi uliobadilishwa usiku na kusahaulika, vyote humfanya pacha aseme “salama” kuhusu mtandao ambao haupo tena.

Vilevile, pacha anayekokotoa njia pekee angeweza kuonesha kwamba taarifa nyingi zingefika kwenye ruta za kiini za Rogers, lakini asingejua kuwa zingezizima, iwapo hakupewa ukomo wa uwezo wa ruta hizo. Ubora wa jibu lake unategemea ukamilifu wa rejesta aliyopewa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya taasisi yoyote haihitaji ununuzi wa programu ya gharama kubwa. Inahitaji sajili ya vifaa, usanidi na uwezo wake, inayohuishwa kila badiliko linapofanyika.

Pacha pia ni ramani kamili ya mtandao, na anayeiiba ameonyeshwa milango yote. Kupakia usanidi wa mtandao wa taasisi katika huduma ya akili unde ya umma, iliyo nje ya udhibiti wa taasisi, ni sawa na kukabidhi ramani hiyo kwa mtu usiyemjua. Aidha, kumbukumbu za mtandao huweza kuwa na taarifa za watu. Kwa Tanzania, matumizi ya taarifa hizo yanaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo pia inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Tangu kuanza kwa Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali (GePG), mwananchi hulipia ada, kodi na tozo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) kusimamia na kuratibu matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Kadiri huduma zinavyohamia mtandaoni, kukatika kwa mtandao kunakuwa sawa na kufungwa kwa ofisi.

Mei 12, 2024, nchi za Afrika Mashariki, ikiwemo Tanzania, zilishuhudia kuzorota kwa intaneti baada ya hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom. Pacha wa kidijitali hawezi kuzuia mkongo usikatike. Anaweza, hata hivyo, kujibu mapema swali ambalo ni ghali kulijibu siku ya tukio: mikongo miwili ikikatika kwa pamoja, huduma zipi zitasimama, na njia zilizobaki zinatosha kubeba zipi? Jibu hilo huiwezesha taasisi kupanga kwamba huduma za hospitali na malipo zitangulie kabla ya matumizi mengine.

Lipo pia funzo la mwisho kutoka Rogers ambalo halihitaji akili unde. Wataalamu wa kampuni hiyo walitegemea mtandao ule ule ulioanguka kuwasiliana wao kwa wao na kuifikia mitambo waliyopaswa kuitengeneza. Zilipita takriban saa 14 kabla hawajazifikia kumbukumbu zilizoonesha chanzo cha tatizo. Pacha anayehifadhiwa ndani ya mtandao anaoulinda ataanguka pamoja nao. Njia ya pili ya kuifikia mitambo, isiyotegemea mtandao mkuu, ni sharti la kwanza la uokoaji.

Taasisi inapotangaza kwamba imeanza kutumia akili unde kusimamia mitandao yake, mwananchi anayo haki ya kuuliza maswali matatu. Je, kila badiliko hujaribiwa kwenye nakala kabla ya kutekelezwa, na nakala hiyo hulinganishwa na hali halisi kila baada ya muda gani? Je, ni afisa gani anayeidhinisha, na ana muda na ujuzi wa kukataa pendekezo la mashine? Na mfumo ukianguka, taasisi itawasiliana na wataalamu wake kwa njia ipi? Taasisi yenye majibu ya maswali hayo imejenga msingi wa kunufaika na teknolojia hizi. Isiyo nayo inapaswa kuanza na daftari lake kabla ya kuanza na mashine.